Mgonjwa wa Tata Idah

Gatongora, Ruiru
8 Septemba 2024

Mpendwa Tata,

Natumai u mzima na magoti yako yamekusamehe wiki hii. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana kutoka Mwihoko. Kibanda chake cha mboga kimepata paa jipya la mabati na mtaa mzima umelazimishwa kulitazama. Mbinya, mwanafunzi mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu pia. Bado anashangaa kwa nini mtu wa Ruiru anamwandikia barua dada ya mama yake aliye Thika, mwendo wa nusu saa tu. Nimemweleza sheria yako, kwamba simu ni ya dharura na ya Krismasi, na kwamba mwanafunzi asiyeweza kuandika ukurasa mmoja ulionyooka asipewe mgonjwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaomba asome barua zako, nikamkatalia.

Hii utaletewa na Gachau wa maziwa kama kawaida. Usimlipe chochote, ameshakunywa chai yangu.

Sasa jambo lenyewe. Matokeo ya chuo yametoka. Mtihani wa kuandika nimepita vizuri. Ule wa wodini, wa kumpima mgonjwa mzima kuanzia kichwani hadi vidoleni huku mtahini amesimama nyuma yako na kalamu, nimeanguka. Mtahini alikuwa Sista Wavinya, na Sista Wavinya ni mkali. Halafu mikono yangu ilikuwa baridi. Nimepewa nafasi moja ya kurudia, tarehe tano Desemba. Nikianguka tena basi, chuo hakina nafasi ya tatu. Miaka miwili na nusu yangu itaishia kibandani kwa Mama nikifunga sukuma kwa kamba.

Tata, wewe ulikuwa sista wa wodi miaka thelathini na mmoja. Nifundishe. Nimeogopa kuliko ninavyoweza kumwambia Mama.

Mwanao,
Trizah


Ngoingwa, Thika
15 Septemba 2024

Trizah, maitu,

Barua yako imefika pamoja na lita moja ya maziwa, na vyote viwili havikuwa vimeharibika. Mwambie Emmah nimefurahia paa lake. Nilimwambia dadangu tangu mwaka juzi aweke mabati, akaniambia mimi najua sindano tu.

Mimi nipo. Ghorofa la jirani limefika orofa ya nne na limeninyang'anya jua la asubuhi. Kwaya nimewaachia wenye mapafu mapya. Parachichi zimezaa vizuri, ila sijazichuma, zinachumwa na yeyote anayepita.

Umeniambia kwamba ulianguka. Hukuniambia ulianguka wapi. Mikono baridi si kosa, ni hali ya hewa. Na Wavinya namjua, hamwangushi mtu kwa sababu ya ukali. Siku utakayokuwa tayari utaniambia, sitakusukuma.

Kufundisha nitakufundisha. Wewe umebeba jina la mama yetu, ndiyo maana nakuita maitu, na siwezi kuruhusu jina hilo lirudishwe nyumbani na chuo. Tutafanya hivi. Nitakupa mgonjwa. Ni mama aliyepita sitini, yuko hapa Ngoingwa, karibu nami. Hataki kutajwa jina na wewe hutaliuliza. Mimi nitampima na kukuandikia anachosema na ninachokiona. Wewe utauliza maswali. Swali zuri nitalijibu. Swali la kijinga nitalicheka kisha nitakuambia kwa nini.

Kabla ya yote, kumbuka kwamba wanafunzi huharakisha kushika. Usishike. Simama mlangoni uangalie. Amekaaje? Anaongea sentensi nzima au anaikata katikati? Viatu viko wapi, miguuni au chini ya kiti? Chakula kimeliwa au kimefunikwa? Mgonjwa huanza kukueleza kabla hujafungua mdomo, na wengi wetu tunapita na trei bila kumsikiliza.

Sasa huyu wangu. Analalamika kuchoka. Maneno yake ni haya: "Nikifika kwenye geti nataka kukaa." Andika hivyo hivyo, usimtafsirie kwa lugha ya kitabu. Joto 36.7. Mapigo ya moyo 92. Presha 154 kwa 92. Pumzi 20. Uzito kilo 71 kwenye mizani ya Ciku wa duka la dawa.

Uliza.

Tata Idah


Gatongora, Ruiru
29 Septemba 2024

Mpendwa Tata,

Salamu nyingi. Mama ameongeza shelfu kibandani na sasa anauza mayai, kwa hiyo jiandae kusikia habari za mayai. Mbinya ameungua mkono kwa chai. Nilimwosha kwa maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini kamili, akinitukana kwa Kikamba. Nilijisikia muuguzi kweli.

Kuhusu mahali nilipoanguka, nitakuambia, Tata. Si leo.

Nimemfikiria mgonjwa wako wiki mbili nzima. Nilisoma barua yako kwenye foleni ya maji, nikaisoma tena wodini chooni. Haya ndiyo ninayotaka kujua. Uchovu ulianza lini, na kabla ya hapo alikuwa anafika wapi bila kukaa? Miguu yake inavimba? Ikivimba, ni jioni tu au hata akiamka? Ukibonyeza kwenye mfupa wa ugoko kidole kinaacha shimo? Anakohoa? Usiku anaamka kukojoa mara ngapi? Akilala analalia mito mingapi, na zamani alilalia mingapi? Anakula chumvi namna gani? Halafu anameza dawa gani, na simaanishi za daktari tu, namaanisha hata za kununua dukani na za kupewa na rafiki kanisani.

Na kuna moja ambalo labda utalicheka. Anaishi na nani? Nani atajua akizidiwa?

Mwanao,
Trizah


Ngoingwa, Thika
13 Oktoba 2024

Maitu,

Mambo ya huku ni yale yale, mvua inatishia na hainyeshi. Wazee wa kanisa wameanza kufanyia kikao cha Jumatano sebuleni kwangu. Wanasema kiti changu ni kizuri. Wanamaliza sukari.

Nimeyasoma maswali yako mara tatu. Trizah, nilitaka kuyacheka, nikakosa la kucheka. Sijui kama mwalimu anapaswa kumwambia mwanafunzi jambo hili mapema hivi, lakini nilivimba kichwa siku nzima. Nilimsomea Gachau swali lako la dawa pale getini, maskini ya Mungu, akiwa na makopo ya maziwa mikononi.

Uchovu ulianza Juni. Kabla ya hapo alikuwa anatembea kutoka hapa mpaka mjini sokoni na kurudi na kikapu. Miguu inavimba, zamani jioni, sasa hata asubuhi. Nilibonyeza ugoko, nikahesabu hadi tano ndipo nikaachia. Shimo likabaki. Wengi hubonyeza kidogo kama wanaogopa kumwamsha mtu, kisha wanaandika hakuna kitu. Anakohoa, kikohozi kikavu. Anaamka kukojoa mara tatu. Chumvi anapenda, na hilo atakufa nalo, ingawa siku hizi chakula anakifunika bila kukila.

Dawa. Hapo umenipata. Huyu mama anameza vidonge vya maumivu ya magoti, vile vya dukani, mara tatu kwa siku tangu Aprili. Hakuna aliyemwandikia. Na vidonge vile, kwa mtu mwenye presha, vinazuia maji ndani ya mwili. Unajua, mimi ninayemwona kila siku sikuwahi kumuuliza. Wewe uko Ruiru na umeuliza.

Sasa somo la leo, kwa sababu hili ndilo linaloangusha watu. Pumzi huhesabiwa kwa wizi. Ukimwambia mtu "nataka kuhesabu unavyopumua," ameshaharibika, atapumua kama anapigwa picha. Kwa hiyo ukimaliza mapigo usiuachie mkono wake. Endelea kuushika kama bado unahesabu, na macho yako yaende kifuani. Dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha mara mbili, na usibahatishe. Moyo unaweza kudanganywa na dawa, joto linaweza kufichwa na panadol, lakini pumzi hupanda kabla ya mengine yote.

Vipimo vya wiki hii: joto 36.5, mapigo 102, presha 160 kwa 96, pumzi 20, uzito kilo 73.

Anaishi peke yake.

Tata Idah


Gatongora, Ruiru
20 Oktoba 2024

Mpendwa Tata,

Leo salamu zangu ni fupi, nisamehe. Wote wazima, mayai yanauzwa.

Kilo mbili kwa mwezi mmoja kwa mtu anayefunika chakula bila kukila si unene, ni maji. Mapigo yamepanda. Vidonge vya magoti viachwe leo, si kesho. Huyu mama anahitaji daktari, anahitaji moyo wake upigwe picha, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Nimemuuliza Mbinya bila kumwambia ni nani, naye amesema maneno hayo hayo. Kwa nini bado yuko nyumbani?

Halafu, Tata, nilikuuliza maswali mengi na umeyajibu yote isipokuwa moja. Mito. Umeruka mito. Wewe uliyenifundisha kwamba nafasi tupu kwenye chati ni jibu pia.

Tafadhali jibu haraka. Mtihani wangu unaweza kungoja lakini mgonjwa wako hawezi.

Trizah


Ngoingwa, Thika
17 Novemba 2024

Maitu,

Nimechelewa. Nilikuwa na shughuli.

Vidonge ameacha, siku ile ile barua yako ilipofika. Mapigo 112. Presha 162 kwa 98. Pumzi 20. Uzito 76. Joto sikupima.

Hospitali amekataa. Nimejaribu. Anasema amekuwa mtu wa kuheshimiwa katika mji huu. Anasema hawezi kuvaa lile gauni lililo wazi mgongoni na kugeuzwa kitandani na watu wanaomjua. Anasema afadhali wamkumbuke akiwa wima. Nilimwambia huo ni ujinga.

Mito nitakuambia siku nyingine.

Wewe soma. Tano Desemba iko hapo. Usimwache mgonjwa wa watu akuharibie mtihani.

Tata


Gatongora, Ruiru
19 Novemba 2024

Mpendwa Tata Idah,

Nimekuletea barua hii kwa mkono wangu, na sheria ni sheria, kwa hiyo isome kabla hatujaongea. Keti vizuri. Usiharakishe. Mimi nitakaa hapa kwenye kiti cha mlangoni na sitasema neno.

Kwanza ni salamu, na leo ziko nyingi. Mama anakusalimu. Ameniambia nikueleze habari za paa lake lote, kwa sababu anadai hukuuliza vya kutosha. Mabati ni sita, ya rangi ya kijani, geji thelathini. Fundi alitaka kuweka mbao za kawaida, Mama akakataa akataka zilizopakwa dawa ya mchwa. Wakabishana toka asubuhi hadi saa saba, wateja wakiwa wamesimama wanangoja kitunguu. Mwishowe fundi akakubali, ila akapigilia misumari ya kofia upande mmoja tu, na mvua ya kwanza ikaingia upande wa pili, juu ya nyanya. Mama akamfuata mpaka kwake Githurai. Alimkuta anakula. Alikaa pale mlangoni akimwangalia mpaka akamaliza ugali wake, kisha akamwambia, "Haya, umeshiba, chukua nyundo." Sasa paa halivuji. Mayai yanakwenda trei mbili kwa siku. Kuna kuku mmoja wa jirani anayekuja kutaga chini ya meza ya kibanda, na Mama anasema hilo ni suala kati ya kuku na Mungu. Mbinya amepona mkono, hakuna hata kovu. Mwenye nyumba wetu amepaka ngazi rangi bila kumwambia mtu na wanafunzi wanne wamepoteza viatu. Gachau amesema ng'ombe wake mwekundu amezaa ndama jike na amemwita Sista, kwa heshima yako.

Sasa geuza ukurasa.

Uliniambia siku nitakayokuwa tayari nitakuambia nilipoanguka. Nilianguka kwenye pumzi. Mgonjwa wangu wa mtihani alikuwa mzee wa kifua. Nilipima joto, mapigo, presha, yote sawasawa. Halafu nikaona muda unakwisha na Sista Wavinya anatazama saa, nikaandika 20. Sikuhesabu. Tulikuwa tumezoea, Tata. Wodini tulikuwa tunaandika 20 safu nzima, kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa sababu 20 haigombani na mtu. Sista Wavinya akakaa pembeni ya yule mzee, akahesabu mwenyewe dakika nzima. Thelathini na nne. Akaniuliza, "Hii ishirini umeitoa wapi?" Sikukuambia kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa kwako wewe, si kwake.

Kwa hiyo ishirini naijua. Naijua nikiiona hata kwenye mwandiko wa mtu mwingine. Mgonjwa wako mapigo yalitoka 92 yakaenda 102 yakaenda 112. Kilo zilitoka 71 zikaenda 76. Na pumzi 20, 20, 20. Wewe, uliyemfukuza mwanafunzi wodini kwa kubuni namba ya kipimajoto, hukumhesabu. Nilikasirika kwanza. Nikajiuliza, Tata Idah anawezaje? Kisha nikakumbuka somo lako. Pumzi huhesabiwa kwa wizi. Mtu yeyote unaweza kumwibia isipokuwa mmoja. Huwezi kujiibia mwenyewe. Ukianza tu kujihesabu, zinabadilika, na namba hiyo wewe huiamini, na una kiburi mno kuacha nafasi tupu. Ukaniandikia ishirini.

Mgonjwa aliye karibu nawe ni wewe.

Ukiondoa hiyo ishirini, hukusema uongo hata mara moja, nimezisoma barua zote upya. "Karibu nami." "Ninayemwona kila siku." Mimi ndiye niliyekuwa mjinga. Magoti yako nimeyasalimu tangu Septemba na sikuyaona.

Nimekasirika, nakuogopea, na nakupenda, yote kwa pamoja. Ukifika hapa, inua macho uniangalie.

Trizah


Wodi ya wanawake, Thika
3 Desemba 2024

Trizah, maitu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa wima kitandani, na chai yenye maziwa isiyo na chumvi, maana hapa wananihesabia hata chumvi. Salamu kwa Emmah. Mwambie habari za paa sitazisahau maisha yangu yote, na atajua kwa nini ukimweleza.

Kesho kutwa unaingia mtihani wako. Nilitaka hii ikufikie kabla, kwa hiyo Gachau amekuja kuichukua hapa kitandani, na ameuliza maswali mengi kuliko daktari. Kilo tano zimetoka. Zilikuwa maji, kama ulivyosema. Moyo wangu umechoka na umepanuka, lakini bado unafanya kazi, na dawa yake ipo. Nitakuwa naimeza kila siku mpaka nitakapoondoka duniani. Daktari amesema ningengoja Krismasi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Nikupe ripoti yangu ya siku ile, maana mtahini lazima aandike.

Ulisimama mlangoni kabla hujaingia. Nilikuona. Macho yako yalikwenda kwenye viatu vyangu chini ya meza, yakaenda kwenye blanketi juu ya kiti, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulala hapo hapo kwenye kiti. Basi jibu la mito ndilo hilo, mito haikutosha tena kunipa pumzi nikilala. Ukanisalimu, ukanipa barua, ukakaa. Nilikuwa nimejiandaa, maitu. Nilijua utanishika mkono, na nilikuwa nimeapa kwamba ukinishika mkono nitapumua kama mtoto aliyelala. Hukunishika. Ukanikalisha na mabati ya mama yako. Nimesoma habari za misumari ya kofia, nimecheka habari za kuku, na wakati wote huo wewe ulikuwa unaniibia.

Nilipofika pale uliposema niinue macho, nikainua. Ulikuwa umeandika kwenye kiganja, kwa kalamu ya bluu. Thelathini na mbili.

Nikakuuliza, "Ni nani amekufundisha kudanganya mtu mzima?"

Ukasema, "Si wewe, Tata? Na usianze kubishana, hata hiyo sentensi umeikata mara mbili."

Nikakuambia, "Siendi. Wale wa hospitali wote nimewafundisha mimi. Unataka wanione hivi?"

Ukapiga magoti ukaanza kunivalisha viatu vya kanisa, vikakataa kuingia, ukanivalisha zile ndala za bafuni. Na ukasema, "Kama uliwafundisha wewe, basi watajua kufanya. Ama ulikuwa unawafundisha vibaya?"

Haiya! Sikuwahi kujibiwa hivyo kwenye nyumba yangu. Sasa nikuambie kile ambacho sikukiandika katika barua yoyote. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa tangu Juni. Nilijua ni nini tangu siku ya kwanza viatu vilipokataa, nikajifanya namwandikia mwanafunzi mgonjwa wa mfano, ili angalau mtu mmoja duniani ajue vipimo vyangu. Nilitaka uulize na nilitaka usijue. Mtu mzima wa miaka yangu, na nimewakemea wagonjwa wangapi kwa kufanya hivyo hivyo.

Na lile gauni. Simeon, yule kijana wa Makongeni niliyemfundisha kutandika kitanda, sasa ndiye msimamizi wa zamu hapa. Alivuta pazia kabla sijafungua mdomo. Akamwita muuguzi wa kike, akasimama nje ya pazia akiongea nami kuhusu mpira mpaka nikawa nimefunikwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nililia kidogo, na si kwa aibu.

Kosa lako lilikuwa moja. Hukunawa mikono ulipoingia. Kwa Wavinya hiyo ni alama mbili, kwa hiyo kesho kutwa nawa kabla hata ya kusema habari ya asubuhi. Mengine sina la kuongeza. Kwa miaka thelathini na mmoja nimewatahini wanafunzi wengi, na hakuna hata mmoja aliyenihesabu.

Kuna jambo moja hulijui kwa sababu ulikuwa umeenda kutafuta kiti cha magurudumu. Simeon alikuwa ananijazia fomu ya kulazwa. Jina, umri, dini, mtaa. Akafika kwa ndugu wa karibu. Nikamwambia Trizah Nyokabi. Uhusiano? Nikamwambia aandike mtoto wangu. Mama yako atanisamehe. Kazi yake?

Nikasema, "Muuguzi."

Akainua kalamu, kwa heshima yote. "Lakini Sista, si umeniambia huyu bado ni student? Si hata ana ile repeat ya December?"

Nikamwambia, "Simeon, ni mimi ndiye nimelala hapa. Ni mimi nimepimwa. Andika."

Akaandika.

Tata yako,
Idah